Udongo wa Madhabahuni

Kila mvua ndefu ikiisha, sakafu ya kanisa letu ilizama mahali pamoja tu. Ilikuwa sakafu ya udongo, na mimi ndiye niliyekuwa naitunza. Jumamosi nanyunyiza maji, nafagia, naleta karai mbili tatu za udongo mwekundu kutoka kando ya barabara, namwaga pale mbele chini ya meza ya mchungaji, nakanyaga kwa miguu mpaka panakuwa sawa. Mwaka unaofuata panazama tena. Si sana. Kama godoro ambalo mtu amelalia katikati. Urefu wake ulikuwa wa mtoto wa darasa la pili.

Najua kwa sababu nilikaa dawati moja na huyo mtoto.

Alikuwa anaitwa Wawira. Homa ya mapafu ilimuua mwaka wa elfu mbili na sita, tukiwa na miaka minane, yeye na mimi. Kwao kulikuwa upande wa pili wa ua wa michongoma, huku juu ya Bahati karibu na msitu, na watu wa kwetu na wa kwao waliombana chumvi na moto bila kuzunguka kwa geti. Baba yangu, Kimaiyo, ndiye aliyechimba kaburi pamoja na baba yake. Nakumbuka kwa sababu baba alirudi akaoga nje, nyuma ya zizi, kabla ya kugusa mlango. Kwetu mtu aliyeshika mambo ya maiti haingii nyumbani hivi hivi. Waliweka msalaba wa mbao, wakaupaka rangi nyeupe, na mwalimu wetu akaandika jina kwa sababu ndiye alikuwa na mwandiko mzuri.

Halafu ikaja ile Januari ya baada ya kura, watu wakifukuzana kwa kabila. Sitaeleza sana, kila mtu wa huku anayo yake. Kina Wawira waliondoka asubuhi moja juu ya lori, mama yake ameshika Jeff, aliyekuwa mdogo, na godoro. Baba aliwasaidia kupakia. Hiyo pia ni kweli, na naiandika kwa sababu watu wakisimulia wanataka mtu awe mbaya kuanzia asubuhi mpaka jioni, na baba hakuwa hivyo. Alimwambia jirani yake, "Nitakuchungia shamba." Mwaka wa kwanza akachunga. Mwaka wa pili akalima, maana shamba likikaa bure linageuka kichaka. Mwaka wa tatu tukasikia mwenye shamba amefia Naivasha, kwa nyumba ya kukodi, na wiki hiyo baba akang'oa ua. Akang'oa na msalaba. Aliuvunja juu ya goti, akanipa vipande nimpelekee mama wa kuwashia moto. Chai ya siku hiyo tulikunywa sote.

Nilipomaliza darasa la nane, na shule ikawa imeishia hapo, baba alitoa kipande cha shamba lile kwa kanisa. Watu walimsifu sana. Mchungaji Naftaly alimwita Ibrahimu wa Bahati mbele ya watu wote. Fundi alipokuja kupiga vigingi alitaka madhabahu iwe upande wa jua linapotoka, baba akasema hapana, iwe huku. Akatembea, akasimama mahali penyewe, akagonga kisigino chini.

"Mchungaji atasimama hapa."

Alikuwa ananiangalia. Mimi nilikuwa nimebeba mtungi wa maji ya fundi. Nikampelekea fundi maji yake. Jioni akimwagia ng'ombe majani nilimsikia akimwambia mama, "Sasa wacha waje na wakili wao. Nani atabomoa nyumba ya Mungu?"

Mama akaendelea kuchambua mboga. Mama hajibu sana.

Mimi nilipewa kazi ya kufagia. Hakuna aliyeniuliza, ilikuwa tu kazi ya msichana ambaye yuko nyumbani. Na mtu akifagia hufikiria. Nilikuwa najiuliza, kama baba anaamini Mungu yuko pale ndani, atamwekaje Mungu aukalie uongo wake kama vile mtu anaweka jiwe juu ya mfuniko wa sufuria? Na kama haamini, mbona akiomba analia machozi ya kweli? Nimekaa nyuma yake, nimeyaona yakidondoka kwa kiatu. Mwishowe nikafikiri hivi: baba anaamini Mungu kama anavyoamini serikali. Yuko, ni mkubwa, lakini yuko mbali na ana mafaili mengi, na faili yako inaweza kupotea. Mambo ya udongo ni mengine. Hayo alikuwa anayaogopa kama mbwa wa jirani ambaye hajafungwa.

Alikuwa na hadithi ya mtu wa ukoo wetu aliyelamba udongo wa mpaka akiapa shamba ni lake, akafa kabla mahindi yake hayajabeba. Hadithi hiyo hakuwahi kuichekea. Ya Yona na samaki alikuwa anaichekea.

Nyanya yangu, tulimwita kogo, aliniambia kitu kingine kabla hajafa. Alisema hata Kipara, mzungu aliyekuwa na shamba hili lote wakati wao wanakamua ng'ombe wake, alipoleta trekta mara ya kwanza ilitoa mifupa. Ya watu waliokuwa wakichunga hapa kabla yake. Kipara akaamuru warudishie udongo, wapande ngano. Nikamuuliza kogo walikuwa wanaitwa nani. Akasema hajui, na kwamba huku mtu ukisimama, umesimama juu ya mtu. Basi nikawa nafagia nikijiambia hivyo. Ni neno linalotuliza. Linakufanya uone kosa lako ni la kila mtu, na kosa la kila mtu halina mwenyewe.

Mwaka huu kanisa likachangisha simiti. Ililetwa Jumanne, tukaipanga chini ya turubai. Vijana wakaja na majembe wakakwatua sakafu yote, wakaondoa ule udongo wangu wa miaka mingi, tayari kwa kupanga mawe na kumwaga Ijumaa. Pale mbele jembe lilikuwa linaingia rahisi kuliko kwingine. Kijana mmoja akasema, "Hapa ni laini kama ugali." Baba akamwambia hapo panatosha, aende akapange mawe nyuma.

Jumatano asubuhi, Mama Wawira akaja.

Sikumjua mara moja. Alikuwa amenenepa miguu, anatembea kama anakanyaga vitu vinavyoweza kuvunjika. Jeff, ambaye sasa ni mwanaume mwenye ndevu, alikuwa amemshika mkono, na Kipketer, naibu wa chifu wetu, anatembea mbele yao na faili kwapani. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hivyo tukaingia wote kanisani, sisi wa nyumbani, mchungaji, vijana wa simiti, na wazee wa kanisa wanne watano. Viti vilikuwa vimetolewa. Tulisimama juu ya udongo uliokwatuliwa kama watu waliokuja kupanda.

"Mama Wawira, karibu," baba akasema. "Umepotea sana."

"Sikupotea, Baba Cherop. Mnajua nilipelekwa wapi." Alikuwa bado anamwita kwa jina langu.

Kipketer akakohoa akasema tuanze na maombi. Mchungaji Naftaly aliomba maombi marefu, ya amani na upendo wa majirani na mipaka ya mataifa. Mama Wawira hakufunga macho. Mimi pia huwa sifungi. Tukaangaliana mpaka amina.

"Mimi sikuja na mambo ya shamba," akasema. "Shamba kaeni nalo. Nimejengewa na Jeff kule Kiamunyi, kaploti kadogo, kana karatasi yake. Nimepata mahali pa kuzikwa. Mzee wangu nilimtoa Naivasha, analala hapo. Nimebakisha mtoto. Mnionyeshe tu, nichimbe, niende."

"Mtoto gani?" baba akauliza.

"Yule ulichimbia kaburi."

"Mama, mimi nimechimba makaburi mengi. Huku watu wanakufa."

Vijana wawili wakacheka. Jeff akasogea. "Mzee, hebu. Tumeandika hapa, tumesaini, hatudai hata futi moja. Tunataka tu dada yetu."

"Karatasi ni karatasi, kijana. Hata sisi tunazo." Baba akawageukia wazee. "Si mnaona? Leo ni mifupa. Kesho ni wakili anasema, mbona mtu wetu alizikwa hapo kama hapakuwa petu? Tunajua hii mambo. Kaburi ndiyo title ya kwanza ya shamba."

Wazee wakaguna. Hapo hakuwa amekosea. Ndivyo mambo yalivyo huku, na wengi wao walikuwa na shamba ambalo hawangependa lichimbwe sana.

"Wacheni tufupishe," Kipketer akasema. "Kimaiyo, kuna kaburi au hakuna? Likiweko, itabidi niandike ripoti. Kama hakuna, mama aende na amani na hii simiti imwagwe."

"Hakuna."

"Unaweza kuapa?"

"Lete Biblia."

Mchungaji akampa yake, ile kubwa yenye zipu. Baba akaweka mkono wa kulia juu, akainua wa kushoto, akasema mbele ya Mungu aliye hai, katika shamba hili lote yeye hajui kaburi. Niliuangalia mkono vizuri. Ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu anayesubiri chenji dukani.

"Amina," wakasema wachache.

Mama Wawira alikuwa amekaa juu ya mfuko wa simiti, miguu ilikuwa imemshinda. Hakulia. Akainama, akachota udongo kwa vidole vitatu, akautazama.

"Biblia hata mimi nimeona watu wakiapa nayo," akasema. "Kule korti ya Nakuru wanaapa asubuhi, wanadanganya mpaka saa ya chai. Baba Cherop, wewe unajua mambo ya kwetu, na mimi najua ya kwenu. Hii moja tunafanana. Kula udongo. Wa hapa hapa. Useme, kama kuna mtoto chini yake nami nimesema hakuna, udongo huu unile. Ukishakula nitaondoka, sitarudi, hata nikifa sitatuma mtu."

Mvua ilisikika juu ya mabati.

"Ai, mama!" mchungaji akasema. "Hiyo ni mila. Hiyo ni shetani wazi wazi. Hapa ni madhabahuni!"

"Mchungaji, kwani ni wewe nimeambia ule?"

Mtu akacheka nyuma, akanyamaza haraka. Nikatazama wazee wa kanisa. Watu hawa hushika meza ya Bwana, huvaa tai. Hakuna aliyemtazama baba usoni. Wote walikuwa wanatazama mdomo wake. Kisha mzee Kipngetich, ambaye ni shemasi, na ambaye hajawahi kumpinga baba katika kikao chochote, akasema polepole kama anajisemea, "Kimaiyo, si ulambe tu yaishe? Kama hakuna kitu."

Niliona jasho likimtoka baba juu ya midomo. Kulikuwa na baridi.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema. "Siwezi kunajisi mdomo wangu na vitu vya giza. Mchungaji amesema." Akapanguza uso. Akatafuta kwa macho, akanipata pale ukutani. "Lakini kama mnataka mtu wa nyumba yangu ale, sawa. Cherop atakula. Yeye ndiye anatunza hii sakafu, anaijua kuliko mimi. Na bado hajabatizwa. Yeye hatavunja kitu."

"Kimaiyo, hapana!" Mama alipiga kelele. "Si mtoto! Si mtoto, Kimaiyo!"

Akajiziba mdomo kwa kitambaa, lakini siri ilikuwa imetoka. Kipketer akafunga faili yake. Hata wale vijana walielewa.

Nataka kusema ukweli juu ya wakati huo, kwa sababu watu waliniambia baadaye kwamba Roho alinishika, na wengine kwamba ni pepo. Hakuna kilichonishika. Mimi mwenyewe sijui kama udongo unakula mtu. Nimemaliza darasa la nane, nimefundishwa udongo ni mfinyanzi na kichanga na tifutifu. Labda yule mtu wa hadithi alikufa kwa malaria. Lakini baba alikuwa anajua, kwa moyo wake wote, kwamba unakula. Alikuwa na hakika. Na kwa hakika hiyo akanitazama, akaweka mimi upande mmoja na shamba upande mwingine, akaona sawa.

Nilitoka ukutani. Nikatembea mpaka pale laini, nikapiga magoti. Nikachota udongo wa kujaza kiganja.

"Sema kama alivyosema mama huyo," Kipketer akaniambia. Sauti yake ilikuwa chini.

"Cherop," baba akasema. "Sema tu hakuna."

Nikasema, "Wawira yuko hapa. Yuko chini ya magoti yangu. Baba alichimba akiwa rafiki yao, halafu akavunja msalaba, na mimi nikafagia. Kama nimesema uongo, udongo huu unile."

Nikaula. Watu hufikiri ni kulamba kidogo, lakini mimi nilikula wote, kiganja kizima. Ulikuwa na ladha ya chuma na ya jivu, na kijiwe kimoja kilivunjika katikati ya meno. Nikameza na hicho.

Kisha Jeff akachukua jembe.

"Subiri," Kipketer akasema. "Kisheria, kufukua mtu kunahitaji karatasi ya korti." Akatazama Mama Wawira juu ya mfuko wa simiti. Halafu akatoa simu mfukoni, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imelia, akatoka nje kwenye mvua akisema haloo, haloo.

Tulichimba Jeff na mimi. Vijana walikataa, wakasogea mlangoni. Mchungaji alikuwa anakemea kwa sauti ya chini, macho amefunga, sijui alikuwa anatukemea sisi au nani. Baba hakutoka. Alisimama tu, mikono imening'inia, kama mtu anayeangalia ng'ombe wake akichinjwa.

Halikuwa kaburi refu. Kwa mtoto hawachimbi sana. Tulipofika kiunoni Jeff aliweka jembe kando, tukaendelea na mikono. Sanduku lilikuwa limeoza likawa rangi tu kwenye udongo, mstari mweusi. Mifupa ilikuwa midogo, ya kahawia, mingine ukiigusa inavunjika kama biskuti iliyolowa. Meno yalikuwa meupe. Hayo ndiyo sitasahau, kwa sababu alikuwa na pengo mbele, na moja jipya lilikuwa limeanza kutoka, lingali hapo ndani ya mfupa, halikupata kutoka. Na kulikuwa na zipu. Gauni lote limeisha, zipu iko.

Jeff akampa mama yake. Aliishika, akaipangusa kwa kidole gumba, akajaribu kuifunga. Haikufunga.

"Hii nilishona mimi," akasema. "Ilikuwa ya Krismasi."

Alitandika leso, tukaweka kila kitu. Aliniacha niweke. Nilikuwa nafikiri, na hii ni aibu kuandika, lakini nilikuwa nafikiri sasa huyu mama ataniangalia vizuri. Nilikuwa nimelipa kitu. Nilikuwa nimekula udongo, nimemuuza baba yangu mbele ya watu. Alipofunga leso nikanyoosha mikono nimbebee mpaka kwa gari.

Akaweka mkono wake juu ya leso.

"Wewe ni Cherop. Mlikuwa mnacheza naye."

"Ndiyo, mama."

"Umefagia hapa miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

"Kila wiki?"

"Kila Jumamosi."

"Na ulikuwa unajua ni yeye."

"Ndiyo. Mama, pole. Pole sana."

Akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayekataa chai kwa sababu tayari amekunywa. "Usiniambie pole. Baba yako ana shamba la kumfanya adanganye. Wewe ulikuwa na nini?"

Jibu hata leo nalitafuta. Jeff alimnyanyua, wakatoka. Leso aliibeba mwenyewe, ameiegemeza begani kama mtoto aliyelala.

Nyumbani nilikuta karai la maji nyuma ya zizi, na sabuni, na nguo zangu zimewekwa kwenye jiwe. Chakula changu kilikuwa nje, kimefunikwa. Mama alisimama mlangoni.

"Umeshika mifupa," akasema. "Unajua kwetu vile iko. Kuoga tu haitoshi, inataka mzee wa mila wa kukutoa hiyo kitu, na wazee wote wameokoka."

"Basi nitakaa nje mpaka lini?"

"Sijui, mama. Sijui." Alikuwa analia. Aliniletea blanketi, akaitupa kutoka mbali nikaidaka.

Nililala jikoni kwa nje, penye kuni. Baba alipita mara mbili kwenda kukamua. Hakunipiga, hakunitukana. Mara ya pili alisimama, akaniangalia kwa makini, macho, ulimi, mikono, kama anavyoangalia ndama aliyekula majani mabaya. Nikaelewa. Alikuwa anataka kuona kama nitakufa. Tulikuwa tumechimba, mtoto ameonekana, ukweli ulikuwa umelazwa kwenye leso mbele ya macho yake, na bado alikuwa anangoja udongo uamue.

Ripoti ya Kipketer haikuandikwa. Mama Wawira hakurudi, wala wakili hakuja. Shamba lilibaki letu lote. Alhamisi wakajaza shimo, Ijumaa simiti ikamwagwa kama ilivyopangwa.

Jumapili nilienda kanisani kwa sababu sikujua nitaenda wapi pengine. Nilikaa kiti cha nyuma, na watu waliacha viti viwili kila upande. Mama peke yake alikuja akakaa karibu, si karibu sana. Madhabahu ilikuwa imezungushiwa kamba ya katani, simiti haijakauka sawasawa, na mchungaji alihubiri kutoka kando, karibu na ngoma. Kulikuwa na harufu nzuri ya kitu kipya.

Saa ya ushuhuda baba alisimama.

Aliongea vizuri. Alisema shetani alimshika ulimi. Alisema Daudi alikuwa mfalme na akaanguka, Petro aliapa mara tatu, na yeye Kimaiyo ni nani. Akalia, machozi yale ya kweli, akapiga magoti kwenye vumbi la simiti nje ya kamba. Watu walilia pamoja naye. Mzee Kipngetich alimnyanyua akamkumbatia. Mchungaji Naftaly akaweka mkono kichwani pake, akasema Ibrahimu naye aliwahi kudanganya, na Mungu hakumnyang'anya nchi. Wakapiga makofi. Nilitazama jinsi inavyofanyika. Haikufika hata saa ya sadaka, alikuwa amesamehewa kila kitu, na hakuna aliyetaja jina la Wawira. Labda hawakulijua. Alikuwa "lile jambo."

"Na sasa," mchungaji akasema, "kuna mmoja bado amefungwa. Dada yetu Cherop alikula kiapo cha giza hapa hapa, mahali patakatifu. Aliweka udongo kinywani kama mababu zetu ambao hawakumjua Mungu. Hatumhukumu. Baba yake mwenyewe ameomba tumwombee. Dada, njoo mbele utubu, tukate hiyo laana, Jumapili ijayo ubatizwe."

Wakageuka wote. Baba pia aligeuka, macho mekundu, akaninyooshea mkono. Ninaamini alikuwa ananionea huruma. Ninaamini alifurahi kuwa sikufa.

Pambio likaanzishwa. Waliimba mara moja, wakanyoosha mikono upande wangu. Wakaimba mara ya pili. Mama alisogea kiti kimoja, ndiyo mara ya kwanza alinikaribia tangu Jumatano, akanigusa goti kwa kidole.

"Enda tu, mama," akaninong'oneza. "Enda useme umekosa. Ni dakika moja. Utakula ndani leo."

Nilifikiria wali wa Jumapili ndani, na kiti changu karibu na moto. Nilifikiria ningesema nini nikifika pale mbele. Ningesema nimetubu kwa sababu ya miaka kumi na miwili, wangesema amina bila kusikia, wakidhani ni ya udongo. Hakukuwa na mtu mle ndani ambaye angeweza kunisamehe kile kitu chenyewe. Aliyeweza alikuwa Kiamunyi, na alikuwa amekataa.

Nikasimama. Mama akashusha pumzi, na wengine wakaanza, "Asante Yesu." Nikapita kati ya viti vitupu, nikageukia mlangoni.

Waliendelea kuimba. Nafikiri walidhani naenda nje kutema mate, halafu nitarudi. Nilifika barabarani wakiwa bado wanaimba lile lile, wakipunguza sauti kila mara wakifika mwisho, kusikiliza kama naja, kisha wakianza tena.